“Mwache,” alisema mume wangu. Lakini dereva anakula lita 160 kila safari

Assalamu alaykum Shangazi,

Naandika usiku, saa saba imepita, walio macho ni mimi na mzee tu. Tangu augue halali vizuri, nami nimezoea kukesha naye.

Nina miaka 47, mama wa watoto wanne, tunakaa Bombo, kando kabisa ya barabara ya Gulu. Mume wangu alianza na lori moja la mtumba mwaka 2011. Leo tuna matatu: mawili ya tairi kumi yanayokwenda Juba, Sudan Kusini, na Fuso moja la kubeba mchanga na matofali hapa karibu. Usisikie matatu ukadhani ni utajiri. Lile la pili limo kwenye mkopo wa benki, kila mwezi natoa shilingi milioni 2.8, gari litembee au lilale gereji. Mteja wetu mkubwa wa sabuni analipa baada ya siku sitini, ilhali fundi wa breki anataka pesa kabla hajashika spana. Tairi moja jipya linapita milioni. Nikilala, tairi ishirini zinanizunguka kichwani.

Oktoba 2024 mzee alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na ulimi pia. Maneno aliyobaki nayo unaweza kuyahesabu: maji, jina langu, ndiyo, hapana, na hayo mawili ya mwisho mara nyingine huyageuza. Biashara yote ilikuwa kichwani mwake na kwenye kaunta buku zake. Mimi nilikuwa na duka la vitenge. Lori nilijua kulipanda tu. Ndani ya wiki moja nikawa ndiye bosi.

Aliyenishika mkono ni dereva wetu mkubwa, nitamwita Saidi. Alikuja kwetu mwaka 2012 akiwa taniboi, msaidizi wa dereva, mzee akamfundisha, akapata pamiti ya udereva, akapewa gari. Ndiye aliyenionyesha Kawempe wanapopakia, wakala gani wa forodha pale mpakani Elegu hacheleweshi karatasi, na mteja gani wa Juba asipewe mzigo kabla ya pesa. Ananiita mama ingawa tunakaribiana umri.

Shangazi, lazima nikueleze na habari ya Julai 2016, la sivyo hutanielewa. Mapigano yalipozuka Juba, Saidi alikuwa kule na gari letu, limeegeshwa upande wa soko la Konyokonyo. Siku nne simu yake haikupatikana. Mke wake alikuja kukaa hapa kwangu, tukawa tunapika chakula hakuna anayekula. Siku ya tano akapiga kutoka Nimule, mpakani. Alikuwa ndani ya ule msafara uliosindikizwa na jeshi letu la Uganda. Alifika hapa saa tano usiku, kioo cha pembeni hakipo, na ndani ya kebini kulikuwa na watu saba asiowajua hata kwa majina, wawili watoto wa kunyonya. Kilikuwa kipindi ambacho lori lile moja ndilo lilikuwa chakula chetu na ada za watoto.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilikuwa natafuta risiti ya betri, nikakuta kaunta buku ya zamani chini ya godoro la mzee. Kila safari ameandika: Juba, lita 440. Ukurasa baada ya ukurasa, 440. Kwenye buku ninayotumia mimi ni lita 600. Nikaanza kurudi nyuma nitafute ilipobadilika. Nikakuta ni mwezi ule ule daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, malori yakawa yanazungushwa kwa Mbale, Soroti na Lira. Pembeni ya 600 ya kwanza mzee ameandika neno moja: Karuma. Neno hilo nimelitazama zaidi ya mwaka mzima. Nilidhani ni jina la mteja.

Daraja lilifunguliwa. Mimi niliendelea kutoa 600. Hakuna aliyeniambia.

Utaratibu wetu ni huu: lita 400 gari linajazwa huku kabla ya kuondoka, na pesa ya lita 200 dereva anapewa mkononi, kwenye bahasha, aongeze Gulu. Nilimwita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni taniboi wa Saidi na mwaka huu amepata pamiti ya magari makubwa. Nikamuuliza. Akanijibu, “Mama mdogo, kila mtu anajua.” Anasema Gulu wanaongeza lita 40 basi, zinazobaki zinaingia mfukoni, na yeye hupewa elfu hamsini anyamaze. Lakini risiti Saidi ananiletea kila safari, imeandikwa kwa kalamu, lita 200, na muhuri uliofifia.

Lita 160 kwa karibu shilingi 5,000 ni laki nane. Nimehesabu safari 22 tangu gari lake lianze tena kupita Karuma. Ni milioni 17 na laki sita. Mwaka huu huu nilimtoa binti yangu shule ya bweni kwa sababu ya ada.

Mshahara wake ni laki sita kwa mwezi, na laki tatu na nusu za njia kwa kila safari, za chakula, kulala na vizuizi. Ndivyo mzee alivyopanga mwaka 2019 na mimi sijagusa. Hatukuwahi kuandikiana mkataba, wala NSSF, ile akiba ya uzeeni, hatumlipii. Lile gari lingine la Juba analiendesha kijana niliyemwajiri mwaka jana, hana maneno mengi, naye analipwa kwa kipimo hicho hicho.

Shemeji yangu, mdogo wa mzee, anasema twende polisi kesho, na kwamba yeye yuko tayari kuacha kazi yake asimamie magari. Akaniambia, “Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.” Mpwa wangu anasema tuweke traka, kile kifaa cha kuonyesha gari liko wapi. Mimi nilikwenda kwa mzee. Nikamwekea buku mbili mapajani, nikaweka kidole chake kwenye 440, kisha kwenye 600, nikasema, “Saidi.” Alitazama muda mrefu. Akaukandamiza ukurasa kwa mkono wa kushoto, akasema, “Mwache.”

Mwache aendelee, au mwache aende zake? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akafumba macho.

Na kila akirudi safari, Saidi ndiye anayekuja kumnyoa mzee ndevu. Mtu mwingine akishika wembe mzee hugeuza uso.

Alhamisi gari linapakia tena. Nitatakiwa kumpa bahasha. Nifanye nini, Shangazi?

Mama wa Bombo

*

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Barua yako imenifikia Alhamisi hiyo imeshapita. Bahasha ulishampa au hukumpa, na kama ulimpa, iwe ya lita 40 au ya 200, Saidi ameshajua kitu kutokana na uso wako. Kwa hiyo sitajifanya tunaanza mwanzo.

Huku kwetu shangazi, yule Waganda wanayemwita ssenga, kazi yake ni kuulizwa mambo ya ndoa. Nilipofungua barua nikaona lita na tairi, nilitaka kumpa mwenzangu wa ukurasa wa biashara. Nikaisoma mara ya pili nikaona ni yangu. Una mume ambaye hawezi kukujibu, una mtu aliyekuwa nguzo yako na sasa humwelewi, na una wanaume watatu kila mmoja anakwambia la kufanya na magari ambayo mkopo wake unaulipa wewe. Uchungu wako naona hauko kwenye milioni 17 peke yake. Uko kwenye lile neno “kila mtu anajua”. Mwaka mzima watu wanakuangalia ukihesabu noti, na wanajua.

Hebu kwanza tuziangalie hesabu zako, maana umezijenga juu ya namba ambayo si yako. Ile 440 ni ya mzee. Kampala hadi Juba ni kama kilomita 630. Lori la tairi kumi likiwa na mzigo likitembea kilomita mbili na nusu kwa lita, na likirudi tupu tatu na kidogo, unafika pale pale kwenye 440, kwa hiyo mzee hakubahatisha. Lakini aliipanga gari likiwa na umri gani? Pampu ya dizeli ikichoka, gari linakunywa zaidi. Foleni ya Elegu, injini ikinguruma huku ikisogea hatua moja moja, nayo inakunywa. Sisemi zinafika 600. Nasema hujapima. Njia ya kupima ni rahisi na haihitaji mwanamume yeyote: gari lijazwe mpaka shingoni mwa tangi mbele ya macho yako pale Bombo, liende, lirudi, lijazwe tena mpaka pale pale. Lita zilizoingia mara ya pili, jumlisha na zilizoongezwa njiani, ndizo zilizotumika. Fanya hivyo safari mbili tatu. Ushahidi ulio nao leo ni daftari la mgonjwa na mdomo wa mpwa wako.

Na mpwa wako simdharau, huenda amesema kweli tupu. Ila angalia amesimama wapi. Amechukua elfu hamsini kila safari bila kukuambia, amekuambia alipoulizwa, na mwaka huu amepata pamiti ya magari makubwa. Saidi akiondoka, nani anakaa kwenye usukani? Shemeji naye yuko tayari kuacha kazi asimamie magari. Pengine ni kwa mapenzi ya kaka yake. Lakini methali aliyokusomea imenifanya nicheke peke yangu, maana aliyekaribia kufa na gari lenu Juba hakuzaliwa na ninyi.

Kuna sentensi moja umeipitisha haraka, nami nimeirudia mara nne. Magari mawili yanakwenda Juba. Yule kijana asiye na maneno naye “analipwa kwa kipimo hicho hicho”. Yaani naye anapata 600? Naye Gulu anaongeza 40? Umenihesabia safari 22 za gari moja tu. Hasira yako imemwendea Saidi peke yake na sidhani ni kwa kusahau. Kijana ni mwajiriwa, akikuibia umeibiwa. Saidi ni yule wa usiku wa saa tano na kioo kilichovunjika. Naelewa. Lakini kama unataka kujua ukweli wa zile lita, kijana huyu ni mlango ulio wazi kuliko wote. Hana historia na ninyi, hana ndevu za kunyoa. Mkae naye kwa utulivu, umuulize safari inakwendaje tangu anapotoka getini mpaka anaporudi, na pesa inakwisha wapi.

Hapo kwenye pesa inakwisha wapi ndipo ningependa tukae kidogo.

Kaka yangu mkubwa aliendesha malori miaka mingi, kwanza ya mafuta kutoka Eldoret, baadaye njia hii hii yenu ya Juba. Alikuwa na soksi moja ya ziada chini ya kiti. Ndani yake kulikuwa na noti ndogo ndogo zilizokunjwa kila moja kivyake, kama ubani. Kila kizuizi noti yake. Akivuka Nimule soksi imejaa, akiona taa za Juba imekuwa kitambaa. Vizuizi vile havikati risiti. Bosi wake alikuwa akimpa pesa ya njia ile ile kila mwaka, na kila mwaka vizuizi viliongezeka. Siku moja nilimuuliza pengo analizibaje. Akaniambia, “Bosi hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kumjibu.”

Wewe unampa Saidi laki tatu na nusu zilizopangwa mwaka 2019. Kwa hizo ale, alale, alipe maegesho, apite. Mwaka 2021 madereva waligoma Elegu, wakakataa kuvuka mpaka wahakikishiwe usalama, kwa kuwa wenzao walikuwa wanauawa barabarani kule. Hiyo ndiyo njia ambayo mwenzio anaipita mara mbili kwa mwezi kwa mshahara wa laki sita. Je, zile lita 160 zote zinaishia mfukoni, au nyingine zinaishia kwenye soksi? Sijui, na wewe hujui. Kama nusu yake inalipa njia, basi siku utakayompa bahasha ya lita 40 bila neno lolote, gari lako litakwama mahali ambapo huwezi kutuma fundi.

Usinielewe vibaya, simtetei kwenye risiti. Mtu anaweza kukaa kimya juu ya pesa aliyopewa kwa makosa na akajidanganya kwamba hajaiba, kwani aliyezidisha ni mwenye mali. Lakini karatasi 22, kila moja ikisema 200, kila moja na muhuri, huo ni uongo aliouandika kwa mkono mara 22 na kumpa mwanamke aliyekuwa akimuuguza mumewe. Hapo una haki ya kuumia mpaka mwisho. Nami ningetaka kumsikia akilieleza hilo, kabla ya yote.

Sasa njia ulizo nazo, kama ninavyoziona mimi.

Polisi ipo, na hakuna atakayekulaumu. Ukienda huko utaulizwa ushahidi: buku mbili, risiti za kalamu, taniboi aliyekuwa akila mgawo. Utaulizwa nani aliandika 600 kwenye buku kwa mwaka mzima, na jibu ni wewe. Kesi inaweza kusimama au isisimame. Kitakachosimama kwa hakika ni gari, wiki kadhaa, huku benki ikisubiri milioni 2.8 zake. Na habari itafika Kawempe na Elegu kabla hujafika nyumbani.

Kumfukuza tu, bila polisi, watu wengi hudhani ni jambo la dakika tano. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mfanyakazi aambiwe kosa lake na apewe nafasi ya kujieleza, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, hata kama kosa ni kubwa la kumwachisha papo hapo. Na kama hakuna kosa lililothibitishwa, aliyefanya kazi zaidi ya miaka kumi anastahili notisi ya miezi mitatu. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumnyimi haki hiyo, na kunakuacha wewe bila cha kushika. Kuhusu NSSF, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja, asilimia 10 yako na 5 yake. Sikutishi, ila ujue kwamba siku mtakapogombana mbele ya afisa wa kazi, si yeye peke yake atakayefungua daftari. Kumkata mshahara kimyakimya mpaka zirudi pia usifikirie; sheria haikuachii ukate upendavyo.

Traka ya mpwa wako? Weka ukitaka, kwa magari ya njia hiyo ni jambo zuri, utajua gari liko Gulu au limelala Kamdini. Lakini angalia ingekusaidia nini hapa. Saidi hakunyonya dizeli kwenye tangi. Alipewa noti kwenye bahasha. Hata kifaa cha kupima tangi kingekuonyesha lita 40 zikiingia Gulu, na wewe usingejua ni nyingi au ni chache kwa sababu Karuma ilikuwa bado jina la mteja. Samahani, nimekutania. Ninachosema ni kwamba kifaa kitakuletea namba nyingi zaidi, na tatizo lako lilikuwa kukosa wa kuulizana naye maana ya namba moja.

Halafu ipo njia ya kimyakimya, ambayo nadhani ndiyo inayokuvutia saa saba ya usiku: kurudisha 440, usiseme kitu, maisha yaendelee. Hakuna aibu, hakuna kikao. Hatari yake ni mbili. Ataelewa kwamba umejua na hukumwambia, na kuanzia hapo mtakuwa mnatazamana kwa pembeni kila akirudi safari na kushika wembe. Ya pili inaniogopesha zaidi. Dereva aliyebanwa kwenye mafuta bila kuongezwa mahali pengine anajua pa kuipata pesa yake: mteremkoni. Anatoa gia, anaachia gari liteleze frii, lita zinabaki, anaziuza. Kaka yangu alikuwa akisema ule mteremko wa kushukia mtoni Karuma ukipita asubuhi unanusa breki zilizoungua za waliopita usiku. Na wewe umesema fundi wa breki anataka pesa mapema.

Wako wenye magari wanaoacha kabisa habari ya lita. Wanakubaliana na dereva hesabu ya safari: mafuta, njia, vizuizi, vyote juu yake, naye anarudisha kiasi fulani, kinachozidi ni chake. Usingizi unarudi kweli. Lakini hapo dereva anakuwa na haraka, analala saa mbili, anaokota mzigo wa ziada Gulu, na mizani ya Luwero ikimshika faini ni ya gari, na gari ni lako. Grisi haoni faida yake. Ukichagua hiyo, iwe kwa maandishi na uzito utajwe.

Na kuna kukaa naye. Nimeiweka nyuma kwa sababu ndiyo ngumu, si kwa sababu ndiyo sahihi. Kikao cha watu watatu, wewe, yeye, na mzee. Shemeji asiwepo, taniboi asiwepo. Buku mbili mezani. Usianze na neno wizi, wala usianze na 2016. Ukianza na 2016 utalia kabla hujafika Karuma. Mpe buku ya zamani aisome mwenyewe. Kisha kaa kimya, hata kimya hicho kikiwa kirefu. Anaweza kukana. Anaweza kukasirika akaacha ufunguo mezani, na Jumatatu ukose dereva anayeijua Juba. Anaweza pia kukuambia mambo ambayo hutayapenda, kuhusu mshahara wa 2019, au kuhusu alichokubaliana na mzee wakati daraja limefungwa na mzee bado anazungumza. Ukikaa naye ujue hayo yote yanaweza kutoka, na uwe umeshafikiri utayaweka wapi.

Ikiwa atabaki, naona itabidi kila kitu kibadilike kwa pamoja: mshahara, pesa ya njia, lita zilizopimwa, karatasi iliyosainiwa, na hilo hilo kwa yule kijana. Itakugharimu. Lakini milioni 17 na laki sita kwa miezi kumi na moja ni kama milioni moja na laki sita kwa mwezi, na hiyo pesa umekuwa ukiitoa tayari bila kujua unamlipa nani. Ikiwa ataondoka, utahitaji mtu atakayekaa kebini safari moja nzima na dereva mpya kumwonyesha njia, na anayeijua ni Saidi. Hata kuachana kwenu kunahitaji mzungumze.

Nimebakiza neno la mzee. Umeliandika kama fumbo, na kwa Kiswahili kweli ni fumbo. Lakini usimalize hapo. Watu waliopigwa na kiharusi upande wa kulia mara nyingi wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kusema, na umesema ndiyo na hapana huzigeuza, basi usimuulize kwa mdomo. Chukua karatasi mbili. Moja andika ABAKI, nyingine AENDE. Ziweke upande wa kushoto kwake, mkono anaoutumia, umwache aguse. Kesho yake fanya tena, ukizibadilisha nafasi, ujue kama anagusa neno au anagusa mahali. Akikupa jibu moja mara tatu, angalau utajua alichomaanisha. Si lazima ulifuate. Bosi sasa ni wewe na yeye hajaona zile risiti. Je, ulimwonyesha? Katika barua umesema buku mbili tu. Kwake yeye hiyo 600 ni namba aliyoiandika mwenyewe kwa sababu ya daraja. Inawezekana alipoukandamiza ule ukurasa alikuwa anakuambia kwamba Saidi hana kosa, namba ni yake. Mwonyeshe na karatasi 22, kisha umuulize upya.

Na binti aliyetoka bweni, anajua kwa nini? Hilo sikuulizi kwa ajili ya safu.

Niandikie tena, dada. Niambie Alhamisi ile bahasha ilikuwa ya lita ngapi.

Shangazi